Vidole Shingoni mwa Mama

Mie ni msusi, na msusi huzijua shingo za wanawake kuliko hata waume zao. Pale saluni kwangu Kibiti, mteja akishakaa kitako nikaanza kumgawa nywele, vidole vinakwenda vyenyewe: nyuma ya sikio, kisogoni, chini ya taya. Mtoto mwenye mapunye utamkuta na vitezi vidogo kisogoni, ukivigusa vinakimbia chini ya kidole na mwenyewe anaruka kwa maumivu. Mwenye jino bovu huvimba chini ya taya. Namwambia akapone kwanza, ndipo aje asukwe. Wiki mbili zikipita anarudi, shingo laini, tunacheka yanaisha. Nikadhani tezi zote duniani ni za namna hiyo.

Baba yangu alifia Kiongoroni, kule deltani karibu na bahari, alikokata boriti za mikoko na kuvua kamba tangu ujana wake. Kabla ya kufa alikohoa muda mrefu mno. Mwenyewe alisema ni baridi ya tope imemwingia kifuani, na ukimtajia hospitali anakutazama kana kwamba umemtukana. Nyumba ikakizoea kile kikohozi, watu wakawa wanapiga soga juu yake. Asubuhi moja kikanyamaza. Wanaume wakamwosha, wakamsalia, wakamchukua. Mama akabaki ndani na wanawake wenziwe, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Alisikia tu miguu ikitoka uani na sauti zikififia upande wa minazi, na hakuliona kaburi.

Kisha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani ya nyumba ya mumewe, nguo nyeupe, kichwa kimefunikwa, hatii manukato wala wanja, nywele hasuki. Wala haachwi kulala peke yake. Shule zilikuwa zimefungwa, nikampeleka binti yangu mdogo akalale na bibi yake kumliwaza, nami nikarudi Kibiti kwenye kazi yangu. Nilipokwenda tena kuwatazama, eda ilikuwa imefika kati.

Niliingia asubuhi maji yakiwa yamejaa. Bamvua kule huleta maji mpaka karibu na uzio, nyumba inakuwa kama imewekwa juu ya kioo, na kaa wadogo wanapanda kwenye nguzo. Mama alikuwa ameketi mkekani ndani ya meupe yake. Nilimpa shikamoo akaniitikia kwa furaha, lakini niliona mikono. Ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Nikamuuliza, mama, huli? Akasema anakula vizuri tu.

Chakula cha mchana nikakiona kwa macho yangu. Alipewa wali na kamba, akala matonge machache, kisha akausukuma uliobaki ukingoni mwa sahani, akaukusanya vizuri kwa vidole, akaifunika sahani kwa kawa na kuiweka upande wa kitanda alikokuwa akilala baba. Nikamuuliza ni cha nani. Akanijibu kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi, kwamba ni cha baba yenu. Nikacheka. Mama hakucheka, na binti yangu naye, aliyekuwa akichambua mchele kando yake, hakuinua hata uso.

Asubuhi iliyofuata nikaingia kutandika kitanda. Nilipoweka mkono upande wa mama, shuka ilikuwa mbichi. Siyo unyevunyevu wa deltani ule tuliouzoea, la. Ilikuwa imelowa, ya kukamua, na godoro chini yake limelowa pia, kwa umbo la mtu. Nikanusa nikidhani mtoto kakojoa. Haikuwa mkojo. Ilikuwa na harufu ya chumvi. Nikatazama juu, makuti hayakuvuja, na mvua haikunyesha. Mwili wote ukanisisimka, nami si mwoga.

Nikamwita mama nikamwonyesha. Akaja taratibu, akaipapasa ile shuka kwa kiganja.

"Alikuja," akasema. "Si unajua baba yenu hakuwa akijifuta akitoka majini?"

Ni kweli hakuwa akijifuta. Miaka yote ya utoto wangu aliingia na maji yakijaa, shuka yake imemganda mapajani, anaacha nyayo za tope mpaka kitandani, na mama anagomba. Sasa hakugomba. Aliitoa shuka akaianika mwenyewe uani, kwa upole. Nilibaki nimesimama pale chumbani natazama lile umbo kwenye godoro.

Binti yangu nikamhoji pembeni. Akaniambia kwamba bibi huamka yuko moto halafu analowa, na huwa anaongea. Anaongea na nani? Na babu. Wewe umemwona babu? Akafikiri kidogo, akasema hajamwona, ila akilala upande wa babu husikia baridi. Nikamwambia asilale tena upande ule, halafu nikajikasirikia kwa kusema hivyo, maana ni kama nami nimekubali.

Ijumaa joto lilizidi, nikamwomba mama nimwoshe nywele. Nikamwambia sisuki, naosha tu, Mungu hajakataza maji. Akakubali. Akaketi mbele yangu kwenye kibao, akafungua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza naiona shingo yake tangu msiba, na mara ya kwanza mtu yeyote kuiona, maana nani atamfunua mjane? Nikamwagia maji, nikapaka sabuni, vidole vikashuka vyenyewe kama kazini.

Upande wa kushoto vikagota. Palikuwa na uvimbe, siyo mmoja, kadhaa, umeshikamana kama kunde zilizopoa chunguni, ukishuka mpaka juu ya mfupa wa bega. Nikausukuma kwa kidole. Haukukimbia. Nikausukuma tena, nikingoja aruke au agune. Hakuguna. Katika shingo zote nilizozishika sikuwahi kushika kitu kigumu namna ile kisichouma.

Mama akaudaka mkono wangu. "Taratibu. Hapo ndipo anaposhika."

"Nani?"

"Anaweka vidole hapo akija. Haniumizi. Mkono wake haujapata kuniumiza."

Povu lilinikaukia mikononi. Nilitamani kupiga kelele, nikamwagia maji tu mpaka ndoo ikaisha. Kisha nikasema kinachosemwa: kesho tunakwenda Kibiti, hospitali. Akajifunika kichwa, akaniambia yuko edani, mjane hatoki.

Nikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa pale sasa. Naye akasema vilevile, mjane hatoki, na kwamba uvimbe shingoni si kitu, tukande kwa majani ya moto, ukiiva utapasuka. Nikamwambia haujaiva wala hautaki kuiva, ni baridi kama jiwe. Akasema wanawake wa mjini tunapenda sana madaktari. Nami nikamjibu kwamba kaka yake hakuwapenda, na yuko wapi? Maneno yakawa makali, nikatoka kabla sijamvunjia heshima zaidi. Jamani, watu wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, halafu kilio kikishapita wanaficha tena!

Nikampigia simu mwalimu wa madrasa aliyetufundisha utotoni, mtu wa kweli. Akashangaa hata kuulizwa. Akasema maradhi ni dharura, mjane anatoka kwenda kutibiwa, anajisitiri, anarudi kwake, na asiyetaka kuelewa ampigie yeye. Nikarudi kwa mama nimeshika simu kama kombe la ushindi, nikamwekea mwalimu asikie mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua. Simu ilipokatika akanitazama.

"Nilijua zamani," akasema. "Lakini nikienda, huko watamfukuza."

Hapo nikaelewa nilikuwa nashindana na nani. Haikuwa eda. Haikuwa baba mdogo. Nililia mbele yake kwa hasira, nikamwambia mama unakufa, unakwisha mbele ya macho yetu, na huyo unayemwita anakumaliza. Akanifuta machozi kwa upindo wa nguo yake nyeupe. Akasema wanaume walimchukua hata hakumuaga vizuri, sasa karudi kumuaga, nani amfungie mlango? Uso wake ulikuwa na raha niliyokuwa sijaiona tangu nikiwa mdogo, na ile raha ndiyo iliyonitisha kuliko uvimbe.

Siku zikapita hivyo. Sahani chini ya kawa kila mchana, shuka uani kila asubuhi ikipepea na chumvi yake. Nilijikuta nami napita mbali na ule upande wa kitanda. Maji yakijaa nilisikia yakigonga uzio na nikawa nasikiliza nyayo, mimi niliyemcheka mama. Jambo usilolijua ni kama usiku wa kiza, hata liwe limekaa juani.

Asubuhi nyingine tukiwa tumekaa watatu tunakunywa chai, binti yangu akaweka kikombe chini, akapeleka mkono nyuma ya sikio.

"Bibi," akasema, "babu kanishika na mie."

Mama akaenda kwake kwa magoti. Akamgeuza kichwa, akapapasa pale nyuma ya sikio, akapapasa tena. Nami nikapapasa. Palikuwa na kitezi. Mama akainuka bila kujishika popote, akaingia chumbani, nasi tukamfuata mpaka mlangoni. Alisimama mbele ya kitanda, upande ule wa baba, uliokuwa mtupu.

"Mtoto hapana," akauambia ule upande. "Hatukupatana hivyo. Mtoto hapana."

Alingoja, kana kwamba anajibiwa. Sijui alisikia nini. Kisha akageuka kwangu, akasema tafuta boti.

Ilibidi tungoje maji yajae ndipo boti ya mashine iweze kutoka kwenye kijito. Mama alikaa katikati, kajifunika gubigubi, kampakata mjukuu wake, mkono kauweka nyuma ya lile sikio njia nzima mpaka Nyamisati. Hakutazama nyuma. Mie nilitazama. Niliona nyumba yetu kati ya mikoko, mlango umefungwa, na uani ile shuka niliyoisahau kwenye kamba. Tulipopata gari la kwenda Kibiti jua lilikuwa bado juu.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, ananiita dada. Mama akakataa kuanza, akasema mtoto kwanza. Daktari akamweka binti yangu kitini, akapapasa, akamfunua nywele. Juu kidogo ya sikio palikuwa na kidonda cha mapunye, kimejaa ukurutu, kinawasha. Aibu gani ile! Vichwa vya watu navijua, cha mwanangu nilikifunga kilemba. Akanishika kidole akakiweka juu ya kitezi: unaona ni kidogo, laini, kinateleza? Binti yangu akaruka, "Aa, kinauma!" Daktari akatabasamu, akasema ndivyo tunavyotaka. Tezi hizi ni walinzi, kidonda kikiwa karibu zinavimba kupigana, kidonda kikipona zinanywea. Kikikaa wiki kadhaa bila kupungua, turudi.

Kisha akamgeukia mama. Kilemba kikafunguliwa. Vidole vya daktari vikaenda palepale, vikatulia, na tabasamu likamtoka. Akaanza kuuliza, akimwita mama kwa adabu.

Je, uvimbe huu una siku nyingi? Zaidi ya mwezi, mama akasema. Panauma? Hapaumi. Chakula unamaliza? Nikajibu mimi kwamba hamalizi. Umekonda? Nguo ilijibu yenyewe. Jioni unapata homa? Anapata. Halafu akauliza, bila hata kuinua kichwa:

"Na usiku, mama, unatoka jasho? La kulowesha shuka?"

Yule daktari hajafika Kiongoroni maisha yake, na alikuwa anasoma kitanda chetu kana kwamba kakiona. Vidole, sahani, umbo la maji kwenye godoro, vyote alivitaja kimojakimoja, ila kwa majina mengine. Nikamtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

"Naamka nimelowa," akasema.

"Kuna mtu nyumbani alikuwa akikohoa muda mrefu?"

Nikasikia mashine ya maabara ikiunguruma chumba cha pili. Nikasema, alikuwepo. Baba. Kafariki.

Daktari akatueleza pole pole. Alisema tezi ngumu, isiyouma, isiyosogea, inayozidi kukua, na hasa ikiwa juu ya mfupa wa bega, haingojewi nyumbani wala haikandwi, hata mtu asipokuwa na jasho wala kukonda. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa jingine, na kwa kushika tu hawezi kujua. Akavuta maji kidogo kwa sindano kutoka kwenye uvimbe, wakachukua damu, wakampiga picha ya kifua. Tukaambiwa tungoje majibu.

Tuliyangoja kwangu. Mama alikaa chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, akiendeleza eda yake kama vile hakuvuka maji. Asubuhi ya kwanza nikaenda kumtazama. Shuka yangu mpya ilikuwa imelowa chapa. Alikuwa amekaa kando yake anaipapasa, akanitazama kwa macho ya mtu aliyepata habari njema.

"Kanifuata," akasema.

Nilimpenda na nikamwogopa kwa wakati mmoja. Nikatoka nje nikakaa barazani, malori ya kusini yanapita barabarani, na juani pale nikasikia baridi.

Majibu yalitoka: kifua kikuu, kimekaa kwenye tezi. Kifua chenyewe kilikuwa safi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka, maana nilikuwa nimeshajiandaa kwa lile neno jingine. Daktari akasema kinatibika, vidonge kila siku kwa miezi sita, bila kuruka, hata akijisikia mzima. Cha kwenye tezi hakiambukizi kwa kukaa naye, mjukuu anaweza kulala naye. Lakini kile kikohozi cha marehemu kilikuwa kinaambukiza, kwa hiyo wote walioishi naye waje wapimwe, na mtoto atapewa dawa ya kumkinga. Baba mdogo alipopigiwa simu aliuliza tu boti inaondoka saa ngapi.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza lake.

"Kwa hiyo hii imetoka kwake."

"Ni vimelea, mama," daktari akasema. "Vinaingia kwa hewa, vinakaa mwilini kimya, baadaye vinaamka."

"Vya kwake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Huenda ndiyo. Vya kwake."

"Basi," mama akasema, na akanigeukia mimi. "Mliniona nimerukwa na akili. Si nilisema ni yeye?"

Alipopewa vidonge vya kwanza alivishika kiganjani muda mrefu. Nilijua anachopima. Binti yangu alikuwa na chake mkononi, cha kumkinga, anamngoja bibi yake wameze pamoja. Mama akamtazama, akapiga bismillahi, akameza.

Hakuna kilichobadilika mara moja. Mkojo wake ukawa mwekundu kama juisi ya rozela, akadhani anakufa, tukaambiwa ni dawa tu. Kisha ukingo wa sahani ukaanza kubaki mtupu. Akawa anaimaliza, akiitazama kwa aibu. Shuka ikalowa nusu, kisha unyevu tu kwenye mto wa kulalia, na mwisho nikawa naingia asubuhi namkuta kakaa kitandani, kiganja kwenye shuka kavu. Sikumuuliza. Nilikuwa nimefurahi mno, nikaona haya kumwonyesha.

Eda ikaisha dawa ikiwa bado. Tulirudi Kiongoroni kwa shughuli yake, wanawake wakamwogesha, wakamvua meupe. Baba mdogo akaleta samaki. Mchana nikamweka mama uani kwenye kibao kilekile, kichwa wazi, nikaanza kumsuka, nywele zimekuwa laini na chache. Vidole vyangu vikashuka kushoto, kama kawaida yao. Palikuwa pamebaki kitezi kidogo kama njugu, na nilipokisukuma kilisogea.

Alihisi ninachofanya. Hakuudaka mkono. Alikuwa akitazama upande wa minazi, walikopita na jeneza.

"Wanaume walimzika mie niko ndani," akasema. "Safari hii nimemzika mwenyewe, kidonge kwa kidonge."

Nikaendelea kumsuka.